Ramani ya Mashuka

Kazini walimwita Kalamu, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila kalamu nne nene za rangi zimechomekwa kwenye mfuko wa kifuani. Jina lenyewe alilipenda. Kwenye mikataba aliandikwa mwezeshaji, lakini mtu akimwuliza mwezeshaji ni nani, alijibu kwa urefu mpaka muulizaji akajuta kuuliza. Alikuwa anaitwa mahali ambapo kazi imekwama, na kila mmoja ana uhakika kwamba aliyeikwamisha ni mwenzake. Hakuja na dawa mkobani. Aliwakalisha wote kwenye meza moja, wakubwa na wadogo, akawatandikia karatasi kubwa, akawaambia wachore kazi yao inavyokwenda kweli, si inavyotakiwa kwenda. Nani anampa nani nini. Likiharibika hapa, linachipuka wapi. Yeye alizunguka nyuma ya viti akiuliza maswali madogo madogo, mpaka wenyewe wanaona kwamba jambo wanalolilalamikia asubuhi ndilo walilolipanda kwa mikono yao jana yake. Hapo chumba kinaingia ukimya fulani, watu wanatazama karatasi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Kalamu aliishi kwa ajili ya ukimya huo.

Hospitali ilipomwita, tatizo lilikuwa mashuka.

"Ikifika saa nne asubuhi," mkurugenzi alimwambia, "wodi sita hazina shuka safi hata moja. Upasuaji unaahirishwa, na si kwa kukosa daktari wala dawa. Kitambaa! Mwaka juzi tukaleta mashine mpya ya kufulia, inabeba mara mbili ya ile ya zamani. Mambo yakazidi kuwa mabaya. Hebu niambie, hiyo ni akili ya wapi?"

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuacha vikombe vya chai nusu nusu kila alipopita. Kalamu alimpenda papo hapo, na swali lake akalipenda zaidi. Umeongeza nguvu na matokeo yamepungua. Kwake hiyo ilikuwa kama kumwonyesha mtoto peremende.

"Kuna jambo ulijue kabla sijatia saini," alisema. "Msimamizi wa chumba cha kufulia ni dada yangu. Tumbo moja."

Mkurugenzi akacheka. "Afadhali! Basi wewe watakwambia ukweli."

Dada yake alikuwa amefanya kazi katika chumba kile miaka ishirini na tisa. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule ule mama yao alipofariki, na Kalamu akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuwa mama. Alirudi kutoka mazishini akakuta mtoto amekaa mlangoni anamsubiri. Alimlea. Sare za shule za Kalamu zilikuwa nyeupe kuliko za watoto wa matajiri, maana zilipita kwa mtu anayejua weupe unavyotafutwa. Na miaka mingi baadaye, Kalamu alipoanza kufundisha kazi yake kwenye vyuo na maofisi, mazoezi aliyafanyia kwenye meza ya jikoni kwa dada, huku dada akipiga pasi. "Rudia hapo pa mzunguko," dada alikuwa anamwambia. "Hapo umekwenda mbio, sisi wajinga umetuacha." Kalamu anarudia, taratibu, akichora hewani kwa kidole. Kama kuna mtu aliyeyaelewa mafundisho yake kuliko wanafunzi waliolipa ada, ni yule aliyekuwa amesimama na pasi.

Walimpa chumba kilichowahi kuwa kantini ya wafanyakazi, chenye madirisha mapana na meza mbili walizoziunganisha. Siku ya kwanza walikuja watu saba. Wenye maneno walikuwa watatu: dada yake, fundi wa boila ya kuchemshia maji, ambaye alikuwa mwanamume mnene wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, na sista mkuu wa wodi ya upasuaji, mwanamke mkavu aliyekaa na saa yake mkononi kana kwamba ameukopesha muda wake pale na ataudai.

Kabla hajawatembeza kwenye karatasi, walimtembeza yeye. Alishuka chumba cha kufulia, akaziona mashine zote mbili zikizunguka, ya zamani ikitikisika na kulalamika, mpya ikitoa mlio laini. Akaandika: *zote zinafanya kazi*. Akapanda juu.

Alisimama mbele yao, akasema maneno aliyoyasema kila mahali.

"Mimi hapa sina upande. Si wa uongozi, si wa kufulia, si wa wodi. Kazi yangu ni kuwasaidia muone, basi. Kitakachosemwa hapa hakitabebwa na jina la mtu." Kisha, kwa sababu wengine walikuwa wanamwangalia yeye wanamwangalia na dada, akaongeza kwa mzaha: "Na huyu hapa, ndani ya chumba hiki, si dada yangu. Ni Mama Msimamizi."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, akiangalia mikono yake.

Vikao vilikuwa vitatu, na Kalamu alikuwa hajawahi kuwezesha vikao vitamu namna ile. Siku ya kwanza sista wa wodi alikiri, kwa ukali wa mtu asiyezoea kukiri, kwamba wauguzi wake wanaficha mashuka. Dazeni moja hivi, kwenye kabati la dawa. "Nisipoficha, mgonjwa wangu wa saa saba atalala wapi?" Siku ya pili fundi wa boila alipiga meza, akasema hayo ni maneno ya kike, shida ni mabomba. Wakabishana karibu saa nzima. Siku ya tatu dada, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu, akanyoosha mkono akachukua kalamu ya bluu. Akachora mshale kutoka kwenye neno *hofu* kwenda kwenye neno *kuficha*. Akachora mwingine kutoka *kuficha* kwenda *uhaba*. Kisha akasita, akaurudisha mshale wa tatu kutoka *uhaba* mpaka kwenye *hofu*.

"Kumbe hatuna upungufu wa mashuka," alisema polepole. "Tuna upungufu wa kuaminiana. Kila wodi inaogopa yatakwisha, inaficha, na kwa sababu inaficha, yanakwisha."

Fundi wa boila akashusha pumzi. "Basi," akasema, "hapo sina la kubisha."

Ukimya ukaja. Kalamu alisimama nyuma ya kiti cha dada yake, machozi yakimlenga. Miaka kumi na mitano ya kazi, na aliyekuja kuuona mzunguko kwa macho yake mwenyewe, bila kuonyeshwa, alikuwa huyu.

Ramani ile ilitundikwa kwenye ofisi ya mkurugenzi. Aliionyesha kwa bodi, akamsifia Kalamu mpaka akaona haya. Hatua ikachukuliwa: kila wodi irudishe mashuka ya akiba, bila adhabu kwa yeyote, na chumba cha kufulia kiwahakikishie mzigo safi kila asubuhi saa moja. Hofu ikiondoka, kuficha kutakwisha, uhaba utakwisha. Ilikuwa safi kama hesabu.

Wiki ya tatu sista wa wodi alimpigia simu. Hakumsalimu.

"Nina mama mzee hapa amefanyiwa upasuaji wa nyonga," alisema. "Siku ya pili leo analala juu ya godoro la plastiki. Tukimgeuza, ngozi inabaki. Zamani nilikuwa na dazeni yangu kwenye kabati. Wewe na mishale yako mkanifanya niirudishe. Sasa hiyo hofu uliyoiondoa, njoo uniambie umeipeleka wapi."

"Lakini chumba cha kufulia..."

"Chumba cha kufulia kina mlima wa nguo chafu mpaka dirishani. Nenda ukaone mwenyewe. Au macho yako yanafanya kazi kwenye karatasi tu?"

Alikwenda siku hiyo hiyo, saa tano asubuhi, bila kumwambia mtu. Mlima ulikuwepo kweli, umeegemea ukuta, unanuka jasho na dawa. Dada hakuwepo, alikuwa amekwenda stoo kufuata sabuni. Mashine ya zamani ilikuwa inatetemeka kwenye mvuke kama mtu mwenye homa. Mpya ilisimama kando yake, nyeupe, kimya, na Kalamu akadhani imemaliza zamu yake inasubiri kupakiwa.

Fundi wa boila akatokea upande wa pili akijifuta shingo, akaufungua mlango wa duara wa ile mashine mpya, akaingiza mkono, akatoa kandambili zake. Akaingiza tena, akatoa kopo la chakula. Mle ndani Kalamu aliona mikoba mitatu ya kike, mwavuli, na sweta lililokunjwa vizuri.

"Hii imekuwa kabati?" aliuliza.

Fundi aligeuka. Alizitazama kandambili, akamtazama Kalamu, akaweka kopo juu ya mashine taratibu.

"Dada yako hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mimi nilijua ile kazi ya karatasi ikiisha mtakaa nyumbani, atakwambia. Alituahidi hivyo."

"Siku mliyonitembeza ilikuwa inazunguka. Niliiona."

"Ilikuwa inazunguka tupu. Maji baridi, bila nguo hata moja. Niliiwasha uliposhuka kwenye gari, nikaizima ulipopanda ngazi." Akakuna kidevu. "Haijafua tangu mwaka jana, mwezi wa tatu."

Kalamu akatafuta pa kukaa, akakosa, akaegemea toroli. "Na yale mliyosema mezani?"

Fundi alikuwa mtu mzito wa mwili lakini si mzito wa kusema, na inaelekea siri ile ilikuwa imemchosha. Akamwambia. Walikutana kwa dada, Jumapili mbili mfululizo, watu wanne wa kufulia. Sista wa wodi hakuwemo. Yeye aliyasema yake kwa ukweli, na wao wakajenga juu yake. Dada ndiye aliyewafundisha.

"Alisema, mdogo wangu namjua. Anapenda kitu kinachozunguka. Mkimwambia mashine mbovu, ataandika mstari mmoja halafu ataendelea kuchimba. Mkimwambia hofu inaleta uhaba, na uhaba unarudi kuleta hofu, atafurahi mpaka asahau njaa."

"Lakini wewe ulipinga. Ulipiga meza!"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilipewa hiyo ya kupinga," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema tukikubali wote haraka haraka, utashtuka."

 Kalamu aliikumbuka saa ile nzima ya mabishano, jinsi alivyokuwa akiwapa nafasi kwa zamu, akijisifu moyoni kwa uvumilivu wake. Walimvika kilemba cha ukoka na yeye akatembea nacho mjini.

"Kwa nini?" aliuliza. "Mashine ina nini?"

"Mlango," fundi akasema. "Kitasa chake kinajiachia maji yakiwa yanachemka. Lakini hilo jingine, mwulize dada yako. Mimi hilo si langu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, siku ya zamu fupi ya dada, na saa tisa alikuwa nyumbani. Kalamu alimkuta jikoni akichagua maharage kwenye sinia, kwenye meza ile ile ya pasi. Hakukaa.

"Nimetoka kufulia," alisema. "Nimeona mikoba yenu."

Vidole vya dada vikasimama kidogo, kisha vikaendelea. "Kaa basi."

"Sikai. Dada, ulinifundishia watu mchezo? Ukawagawia sehemu?"

"Niliwagawia."

"Mimi! Mbele za watu! Nikasimama nyuma ya kiti chako nalia kwa furaha kama mpumbavu, na wewe umeshika kalamu yangu unajua unachonifanyia!"

"Sauti," dada akasema. "Mtoto yupo chumbani."

Na mtoto, ambaye hakuwa mtoto, alikuwa ana miaka ishirini na mbili, alikwisha kufika mlangoni. Alikuwa binti wa pekee wa dada, na Kalamu, mama yake mdogo, alimpenda kama wake. Mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, ulikuwa na kovu la kuungua, ngozi imevutika na kung'aa. Mafuta ya moto, ndivyo Kalamu alivyoambiwa mwaka uliopita. Sufuria ilimpindukia jikoni. Kalamu alikuja usiku ule ule, akakesha naye, akazunguka maduka ya dawa mji mzima kumtafutia marhamu.

Alimtazama binti, akautazama mkono, na hesabu ikajipiga yenyewe. Mwaka jana, mwezi wa tatu.

"Hayakuwa mafuta," alisema.

"Mama mdogo..." binti akaanza.

"Yalikuwa maji ya mashine."

 Yaliyobaki dada aliyaeleza huku macho yake yako kwenye maharage. Mgongo wake ulikuwa umemkatalia mwaka ule. Kuna siku hakuweza kunyanyuka kitandani. Likizo za ugonjwa zilikuwa zimekwisha. Siku hizo binti alivaa koti la mama yake, akafunga kitambaa kichwani, akaingia kazini kwa jina la mama yake, na fundi wa boila akamfungulia mlango wa nyuma. Mwaka uliotangulia mtu wa usafi alikuwa amefukuzwa kwa kosa hilo hilo, kumweka ndugu yake kwenye zamu. Kisha mlango wa mashine ukafunguka katikati ya kufua. Walimbeba wakampeleka hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, wakasema ni mafuta.

"Kwa nini hamkuripoti mlango peke yake? Bila kumtaja mtoto?"

"Tuliripoti. Akaja mtu wa ofisi ya ununuzi. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga. Ukamtii. Akasema mashine ni mpya, washamba ni sisi. Tungesema nini zaidi? Tungemwonyesha mkono?"

"Ungeniambia mimi!"

Hapo dada akaisukuma sinia pembeni na kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe kama nani?"

"Kama mdogo wako!"

"Ulikuja na kitambulisho shingoni. Ukasimama mbele ya watu ninaofanya nao kazi, ukasema huyu si dada yangu. Ukasema huna upande. Nikajiuliza, huyu niliyemwogesha, hana upande? Hata kidogo? Watu walinitazama, kila mmoja anasubiri nimwambie tumwogope au tusimwogope. Ningewaambia nini, na wewe mwenyewe umeshajivua?"

"Ule ulikuwa utani. Ndivyo kazi inavyotaka. Nikiegemea upande mmoja, wengine hawatasema."

"Sawa. Basi ningekwambia hapa jikoni. Ungefanya nini? Ungeandika?"

Kalamu akafungua mdomo.

"Usiniambie usingeandika," dada akasema. "Ukiacha kuandika, wewe ni mwongo kwenye kazi yako. Ukiandika, mimi na fundi hatuna kazi, na huyu anaitwa mwizi wa zamu. Nikaona nikuondolee. Nikupe kitu kizuri ukaandike, ulale usingizi."

"Ukanipa uongo."

"Nilikupa ulichokuwa unakitaka."

Ilikuwa kauli ya kweli kiasi, na ndiyo maana ilimkata. Kalamu alitaka kumwambia juu ya mama mzee wa nyonga, na akamwambia, neno kwa neno, plastiki na ngozi.  Rangi ikamtoka dada. Hilo hakulipanga. Alikuwa amekokotoa kila mtu isipokuwa huyo.

"Sikujua sista atarudisha yote," alisema mwishowe. "Nilidhani ataficha mengine. Siku zote anaficha mengine."

Binti alimsindikiza Kalamu mpaka barabarani.  Kwenye kona binti akamshika mkono kwa ule mkono wenye kovu.

"Ile marhamu yako ilisaidia kweli, mama mdogo," alisema. "Hilo halikuwa uongo."

Kalamu akaitikia kwa kichwa. Akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango, akakaa muda mrefu bila kuwasha. Alijaribu kukasirika sawasawa, akashindwa. Alipomkasirikia dada, aliuona mkono. Alipomhurumia dada, alijiona amesimama nyuma ya kile kiti. Na chini ya yote kulikuwa na jambo alilokuwa analikwepa: kwa wiki nzima alikuwa amepita kati ya watu wale akijihesabu kuwa hayupo. Alichora boila, akachora wodi, akachora ofisi ya ununuzi kwa kisanduku kidogo. Yeye mwenyewe, na kitambulisho chake, na udugu wake, na mambo anayoyapenda ambayo kila mtu ameyajua, hakuyachora popote. Watu wa kufulia waliyaona. Walimwona ni sehemu ya mambo, wakampangia nafasi yake kama walivyompangia fundi.

Asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi. Aliishusha ramani ukutani mwenyewe, akaikunja.

"Hii si sahihi," alisema. "Wodi zirudishiwe akiba zao leo. Mashine mpya haifanyi kazi tangu mwaka jana. Mlango wake unafunguka maji yakiwa yanachemka, na umekwisha kumwunguza mtu vibaya. Ita fundi wa waliowauzia, asimame hapo mashine ikiwa imejaa na inachemka, si ikiwa tupu."

"Umemwunguza nani?"

"Hilo sitasema."

"Aliyekudanganya je?"

"Hilo pia. Kosa la kwanza ni langu. Nilipaswa kukwambia kwamba mimi si mtu wa kuifanya kazi hii, au niifanye kwa namna nyingine kabisa. Nilikwambia ni dada yangu, halafu mimi na wewe tukacheka, tukaendelea."

Mkurugenzi alishika kikombe, akakirudisha. Upole ulikuwa umemwishia.

"Nilisimama mbele ya bodi na karatasi yako," alisema. "Niliwaambia tatizo letu ni hofu. Sasa niende niwaambie tatizo letu ni kitasa? Nilikuleta ili nione. Wewe ulikuja kunifumba."

 Mkataba ukavunjwa siku ile.

Fundi wa wauzaji alikuja wiki iliyofuata, akaijaza mashine, akaichemsha, na mlango ukafunguka mbele ya mkurugenzi na mtu wa ununuzi, wote wawili wakaruka nyuma. Kilichokuwa kimeharibika ni chuma cha ukubwa wa kidole gumba. Kilibadilishwa kwa nusu siku. Mlima wa nguo ukashuka. Wodi ya upasuaji ikapata mashuka yake saa moja asubuhi, na sista, kwa habari zilizomfikia Kalamu, bado aliendelea kuweka dazeni moja kabatini.

Uchunguzi haukukosa. Kalamu hakumtaja mtu, lakini fundi wa boila alichoka kungoja kutajwa, akaenda mwenyewe akasema ni yeye aliyefungua mlango wa nyuma. Akapewa onyo kali na kuhamishiwa jenereta. Kwa ile habari ya zamu na mkono, dada aliombwa astaafu mapema kwa ajili ya mgongo, kwa barua ya heshima, na kila mtu alielewa barua ile ilikuwa na maana gani. Hawakumfanyia sherehe ya kumwaga.

Miezi minne dada na mdogo wake hawakuzungumza. Dada aliamini Kalamu alimtaja. Kalamu alijua anaaminiwa hivyo, na alikuwa na kiburi cha mtu aliyetendewa ubaya, akakataa kujieleza. Aliendelea na kazi, sehemu nyingine, taratibu kidogo. Siku hizi, kabla ya kuwagawia watu kalamu, aliwaeleza amelipwa na nani, anamjua nani pale, na ni majibu gani yanayompendeza bila sababu. Wengine walimwona mtu wa ajabu. Maneno ya kutokuwa na upande aliyaacha kabisa.

Ulipoingia mwezi wa tano wa kununiana, simu ikaita, na ilikuwa dada.

"Fundi wa boila alikuja kunisalimu," alisema bila kuzunguka. "Ameniambia alikwenda mwenyewe. Nilikudhania vibaya."

"Ndiyo," Kalamu akasema.

"Mtoto amepata kazi," dada akasema. "Duka la vitambaa, karibu na posta. Ameanza Jumatatu. Wanampenda."

"Nimefurahi sana. Mpe hongera."

"Nitampa. Na wewe uje. Hata Jumamosi."

"Nitakuja, dada."

Walipokata, Kalamu alikaa akiitazama simu. Kisha akampigia binti. Alimsalimu, akamwuliza habari, akamwuliza, kama anayepitisha tu maneno, siku hizi anashinda wapi.

"Mama hajakwambia?" binti akasema, na nyuma yake kulisikika mkasi mkubwa ukikata nguo na mteja akiuliza upana. "Nimepata kazi, mama mdogo! Duka la vitambaa. Subiri kidogo, bosi ananiita."

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Kalamu aliona aibu, peke yake pale chumbani, kwa sababu ya kupiga ile simu. Na aliona pia kwamba kesho, dada akimwambia jambo lingine, atapiga tena.